Barua ya mtaa na namba ya NIDA: ipi inakubeba wapi

Nina steshenari ndogo hapa Tanga. Kazi ni kuprinti, kutoa kopi, kulamineti, kupiga pasipoti saizi na kujazia watu fomu za mtandaoni, na karibu kila mteja anayepita ana moja kati ya vitu viwili mkononi: karatasi yenye muhuri wa serikali ya mtaa, au namba ya NIDA, ya kitambulisho cha taifa, iliyoandikwa nyuma ya risiti. Malalamiko ni yale yale. Huyu anasema kwani namba ya serikali haitoshi mpaka nikamtafute mwenyekiti ambaye mwenyewe kaenda shamba, yule anasema mtaa mzima unanijua tangu nazaliwa halafu benki wananiambia hawanitambui. Wote wana hoja. Ila jibu lao linategemea wanaenda wapi na nani anawauliza, na hilo ndo nataka nilieleze hapa maana nikieleza kwa mdomo dukani foleni inajaa.

Upande mmoja naweka utambulisho wa watu: ukoo, majirani, balozi wa nyumba kumi, mwenyekiti wa mtaa au kijiji, kule Zanzibar sheha, Kenya chifu na wazee, Uganda LC1, baraza la kijiji. Najua mtu atasema mwenyekiti naye si serikali? Ni serikali ndio, ila anapogonga muhuri hajaangalia kompyuta yoyote, anachothibitisha ni kwamba yeye au balozi wake anakujua, unakaa kwa mama fulani nyuma ya msikiti. Mfumo wenyewe mizizi yake ni nyumba kumi za TANU za miaka ya 60. Vyama vingi vilivyorudi 1992 mabalozi wakabaki wa chama na mwenyekiti wa mtaa ndo akawa wa kisheria, lakini mpaka leo kuna mitaa ukienda kwa mwenyekiti bila kupita kwa balozi unarudishwa. Wakenya nao wakauchukua, Nyumba Kumi yao ilikuja baada ya shambulio la jengo la maduka la Westgate, Nairobi, 2013.

Upande wa pili ni kanzidata moja ya nchi nzima. Kwetu ni NIDA, Uganda ni NIRA, Kenya ni ule msajili wa watu ambao sasa wanakuja na Maisha Namba. Sheria yetu ya usajili na utambuzi wa watu ni ya 1986, mamlaka ikaundwa 2008, kadi za kwanza zikatoka 2013. Hesabu mwenyewe, mtoto aliyezaliwa mwaka wa sheria alikuwa na watoto wake kadi ilipofika.

Kila mmoja anajibu swali lake

Kadi inajibu swali moja tu, kwamba huyu ni yeye na hayupo mara mbili. Basi. Ile namba ya tarakimu 20, nane za mwanzo ni tarehe yako ya kuzaliwa, zinafuata za eneo ulilojiandikishia, kisha zako mwenyewe za kukutofautisha na wengine. Mashine ikisoma kidole inasema ndiyo au hapana. Haijui kama unalipa madeni, haijui kama ulihama mtaa usiku na kodi ya watu.

Watu wanajibu swali jingine kabisa: huyu ni wa nani, katoka wapi, akiniharibia nimfuate wapi. Na ukiangalia vizuri ujuzi huo ni mkubwa kuliko tunavyouchukulia. Muganda, mtu wa Buganda kule Uganda, akitakiwa kujitambulisha kimila anataja jina lake, la baba, la babu, halafu ukoo na tawi lake la ukoo, na koo zao zipo zaidi ya 50, kila moja na mwiko wake, kuna wa simba, kuna wa kamongo, kuna wa uyoga. Kwa maelezo hayo ya nusu dakika wazee wanajua kama kijana huyu na binti yule wanaweza kuoana au ni ndugu. NIRA na mitambo yao yote, hiyo si kazi yao. Wasomali hivo hivo, mtoto mdogo anafundishwa kuhesabu mababu zake mmoja mmoja mpaka anafika mbali, na wakikutana watu wawili wasiojuana wanashuka na mababu mpaka pale wanapokutana.

Kwetu pia usidhani imekufa. Nenda mahakama ya mwanzo na kesi ya mirathi uone. Kwa mazoea ya mahakama zetu utaulizwa muhtasari wa kikao cha ukoo, nani alikaa, nani kachaguliwa kuwa msimamizi, sahihi za wajomba na mashangazi. Unaweza kuwa na kadi ya NIDA inang'aa na jina la baba ni lile lile la marehemu, wakakuuliza kikao kimekaa lini. Maana kadi inasema baba yako anaitwa nani, haisemi kwamba ndugu wamekubali wewe ndo ushike mali.

Namba yenyewe ilitoka kwenye barua

Hapa ndo pa kukaa kidogo, kwa sababu watu wengi wanadhani NIDA ni kitu kinachojitegemea kimeshuka kutoka juu. Chukua fomu ya maombi uisome mpaka mwisho. Kuna sehemu ya serikali ya mtaa au kijiji kujaza na kugonga muhuri. Mwenyekiti asipogonga, fomu haiendi. Na cheti cha kuzaliwa kama hukupewa utotoni ukaenda kukifuata ukubwani, utaambiwa ulete viambatanisho, na kimojawapo ni hicho hicho, barua ya mtaa. Fomu za mkopo wa elimu ya juu nazo zina mahali pa kiongozi wa mtaa au kijiji. Kwa hiyo ukifuata mnyororo wote kurudi nyuma, benki inamwamini NIDA, NIDA anaamini cheti na muhuri, na muhuri unasimama juu ya mama mmoja anayeuza vitumbua aliyesema "huyu namjua, ni mtoto wa marehemu fulani".

Na barua yenyewe kwa wasioijua ni kitu kidogo sana. Karatasi ya A4, wengi wanakuja kuichapa kwangu kwa sababu ofisi haina printa. Juu kulia anuani, katikati YAH: UTAMBULISHO WA NDUGU fulani, chini mistari mitatu minne: mtajwa hapo juu ni mkazi wa mtaa wangu, namtambua, naomba apatiwe msaada. Kushoto inabandikwa pasipoti saizi na muhuri unagongwa nusu juu ya picha nusu juu ya karatasi, makusudi, ili ukibandua picha ya mtu ukaweka yako muhuri usikutane. Usalama wake wote ni huo. Mi huwa nawaambia wateja wasilete picha zile za kung'aa sana maana wino haukamati, unafika benki muhuri umefutika wanakurudisha.

Ndo maana nikisikia mtu anasema siku hizi mambo ya kidijitali barua za mitaa zifutwe, namuuliza, ukizifuta aliyezaliwa nyumbani kwa mkunga wa jadi na hakusoma shule ataanzia wapi? Pengine miaka ijayo itawezekana. RITA, wanaosajili vizazi na vifo, walianza mwaka 2013 Mbeya kusajili watoto chini ya miaka mitano, cheti kinatolewa bure kituo cha afya au ofisi ya kata, na mpango ukaendelea mikoa mingine, watoto hao wakikua wataingia kwenye mfumo bila kumbembeleza mtu. Lakini bibi yao bado anahitaji mtu wa kusema namjua.

Vidole, majina na miaka

Upande wa urahisi wa kila siku NIDA inashinda, tusidanganyane. Ukishakuwa na namba hauombi mtu ruhusa. Unasajili laini saa mbili usiku, unafungua akaunti, unaomba leseni ya biashara, unaanza safari ya pasipoti, hakuna wa kukuambia njoo kesho mwenyekiti yupo msibani. Na hata kadi ikichelewa, namba inafanya kazi zake, unaitafuta kwa *152*00# ukajua kama imetoka. Zile tarehe za ukomo kwenye kadi zilizokuwa zinawasumbua watu nazo serikali ilizifuta 2023.

Ila mashine ina watu wake isiowapenda. Hapa Tanga tuna mkonge. Mtu aliyekata mkonge miaka ishirini ule utomvu na miiba vimemla vidole, ukiweka kwenye kisomeo kinawaka taa tu. Mafundi wa saruji hivo hivo, wavuvi wa kuvuta kamba, wazee kwa uzee tu. Zoezi la kusajili laini kwa alama za vidole ambalo tarehe ya mwisho ilikuwa 31 Desemba 2019 ikasogezwa mpaka 20 Januari 2020, nilikuwa naona wazee wanafuta vidole kwenye kanzu, wanapaka mafuta, wanajaribu kimoja baada ya kingine mpaka cha mwisho, na mtoa huduma anasema mzee jaribu tena. Mtaani kwake mzee huyo hahitaji kidole, akikohoa tu watu washamjua.

Halafu angalia mashine ikishindwa inafanya nini. Kwenye baadhi ya mifumo ya serikali wanayothibitisha mtu kupitia NIDA mtandaoni bila kidole, inakuletea maswali. Jina la mama yako, shule ya msingi uliyosoma, mambo ya namna hiyo, na ukikosea inabidi urudie. Mi nacheka kila nikijazia mtu, maana ndo maswali yale yale ambayo mzee wa kijiji angekuuliza, tofauti ni kwamba mzee ukisema shule ilibadilishwa jina atasema aah kweli, kompyuta itakuambia jibu si sahihi.

Majina ndo vita kubwa. Mtoto anazaliwa anapewa jina la bibi, shule anaandikwa jingine na mwalimu, akibatizwa au akisilimu anaongeza la tatu. Mtaani yote ni yake, hakuna shida, unaweza kuwa Mwanaidi kwa watu wa mama na Mama Salimu kwa majirani na bado ni yule yule. Kwenye kanzidata herufi moja inakutoa. Cheti cha kidato cha nne kina Mwanaidi, NIDA kuna Mwanahidi, umeajiriwa na mshahara umekwama kwa sababu ya h. Hapo itabidi ukale kiapo mahakamani au kwa wakili kwamba majina haya mawili ni ya mtu mmoja, au uandikishe mabadiliko ya jina kisheria, kisha urudi ofisini kuomba marekebisho. Ushauri wangu wa bure: kabla hujajaza fomu ya NIDA weka cheti cha kuzaliwa na cha shule mezani pembeni, nakili herufi kwa herufi, usiandike jina kama unavyolitamka.

Na miaka. Mzee asiyejua tarehe aliyozaliwa anaandikiwa ya kukadiria, na siku ile hakuna anayeona ubaya. Ubaya unakuja baadaye. Uganda wana pensheni ya wazee waliofika miaka 80, inalipwa kwa kuangalia kitambulisho cha taifa, na kuna bibi na babu ambao kijiji kizima kinajua walikuwa watu wazima enzi za mkoloni, lakini kadi imeandikwa mwaka wa karibu kwa hiyo pesa hawapati. Kuna ambao kadi hawana kabisa. Mashirika ya haki yameipeleka mahakamani serikali kwa jambo hilo. Kwenye hili mimi niko upande wa kijiji moja kwa moja, kumbukumbu ya watu kuhusu nani alizaliwa kabla ya nani ni bora kuliko tarehe aliyoitunga karani mwenye haraka.

Uongo na mia mbili tatu

Usinielewe vibaya, barua nayo ina uchafu wake. Kwanza hela. Kuna ofisi, siitaji, barua ni 2,000, ukitaka leo 5,000, risiti hakuna, ukiuliza unaambiwa ni ya karatasi wakati karatasi nimechapa mimi. Pili mihuri inachongwa, wote tunajua. Tatu mwenyekiti hawezi kumjua kila mtu, mjini mtaa una wapangaji wanaingia na kutoka kila mwezi, anaandika "namtambua" ya mtu aliyemuona leo asubuhi. Ukiwa mwenye duka unamkopesha mtu kwa barua hiyo ujue unachoshika. Kijijini ambako watu wamekaa vizazi barua ina uzito, kwenye mitaa ya wapangaji uzito umepungua sana na wanaoitegemea hawataki kukubali.

NIDA kughushi ni ngumu zaidi, mtu akiangalia kwenye mfumo atajua papo hapo. Wizi wake ni wa aina nyingine. Ule mchezo wa kijana wa laini kukuambia "weka tena dole gumba, haijasoma", kumbe ya kwanza ilisoma na ya pili anasajilia laini nyingine kwa jina lako anaenda kuuza kwa matapeli. Barua ikiibiwa inaharibu jambo moja, kidole kikitumiwa vibaya kinakufuata wewe. Piga *106# uone namba ngapi zimesajiliwa kwa NIDA yako, ukikuta usiyoijua nenda kwa mtandao husika ifutwe. Fanya hilo leo, si kesho.

Pale watu wanapopewa kazi ya kufunga mlango

Mpaka hapa unaweza kudhani nawatetea wazee na mitaa. Sasa tugeuze. Hatari kubwa ya utambulisho wa watu ni pale serikali inapouchukua na kuufanya chujio. Kenya ndo mfano wa karibu. Kwa miaka mingi Msomali wa Garissa, Wajir au Mandera, Mnubi wa Kibra, na Waislamu wengi wa Pwani wakienda kuchukua kitambulisho walikuwa wanapitishwa kwenye kamati, wazee na maafisa wamekaa, taja baba, taja babu, leta kitambulisho cha babu, leta hati. Mkenya wa sehemu nyingine anaenda na cheti chake cha kuzaliwa na cha shule anapata. Wanubi waliletwa na Waingereza kama askari kutoka Sudan, vizazi kadhaa sasa, na suala la watoto wao mpaka kamati ya Umoja wa Afrika ya haki za mtoto ilitoa uamuzi 2011 kwamba Kenya imewakosea. Februari 2025 Rais Ruto akiwa Wajir alitia saini tamko la kuondoa ule uchunguzi wa ziada kwa kaunti za mpakani. Kwenye karatasi umekwisha.

Wamakonde wa Kwale nao yaliwakuta. Wazee wao walitoka Msumbiji enzi za ukoloni kufanya kazi mashamba ya mkonge na miwa, wamezaa, wamezika, majirani wanawajua kwa majina, lakini kabila lao halikuwa kwenye orodha. Oktoba 2016 wakafunga safari kwa miguu kutoka Kwale kwenda Nairobi kumuona rais. 2017 wakatambuliwa kuwa kabila la 43 wakapewa vitambulisho. Wapemba wa Kilifi na Kwale, wavuvi, wamesubiri mpaka 2023. Fikiria miaka yote hiyo huwezi kusajili laini kwa jina lako, unaweka hela kwa simu ya rafiki.

Na mashine nayo haikuwa rafiki. Kuna Wasomali wa Kenya ambao wakati wa ukame familia zilijiandikisha kama wakimbizi kambi za Dadaab ili wapate chakula na matibabu. Watoto wamekua, wanaenda kuomba kitambulisho cha nchi yao, vidole vinajibu "mkimbizi". Mtaa mzima unasema huyu ni wetu, chifu anasema ni wetu, kompyuta inasema si wenu. Maelfu walikwama hapo. Kumbukumbu ya binadamu ingesema njaa ilikuwa kali, kila mtu alifanya hivyo. Kwa hiyo Huduma Namba, usajili mpya wa Kenya wa namba moja kwa kila mtu, ilipokuja 2019 si ajabu waliokwenda mahakamani kuipinga wa mbele walikuwa Wanubi, walishajua kwamba mfumo mpya ukijengwa juu ya vitambulisho vya zamani, aliyekosa cha zamani anakosa vyote. Mahakama Kuu Januari 2020 iliruhusu iendelee kwa masharti ya sheria za kulinda taarifa, ikakataza kuchukua DNA na vipimo vya GPS vya mahali mtu anapoishi.

Tusijifanye kwetu hakuna. Zanzibar kitambulisho cha Mzanzibari mkaazi ndo kinakupa njia ya kupiga kura, na njia ya kukipata inapita kwa sheha, na vyama vya upinzani vimelalamika uchaguzi baada ya uchaguzi kwamba masheha wanawanyima watu barua kwa kuwajua ni wa chama gani. Kigoma nako watu wamechoka kuulizwa uraia wao kila wakienda kujiandikisha. Kule Zanzibar sheha anajua sana, na huo ndo ubaya, anajua mpaka mambo ambayo hayahusu fomu.

Msimamo wangu uko hivi. Neno la watu litumike kumwingiza mtu asiye na karatasi, lisitumike peke yake kumfungia nje. Mwenyekiti akisema namjua, itoshe kuanzia. Akisema simjui, asiwe ndo mwisho wa safari, mtu apewe mahali pengine pa kwenda na sababu iandikwe. Leo ni kinyume: "simjui" ya mtu mmoja ina nguvu kuliko "namjua" ya watu kumi.

Na kabila lisiandikwe kwenye kadi, hili sina mjadala nalo. Wabelgiji waliandika Muhutu, Mtutsi, Mtwa kwenye vitambulisho vya Wanyarwanda miaka ya 30, na mwaka 1994 kwenye vizuizi vya barabarani kadi ndo ilikuwa inaulizwa kwanza. Rwanda wakaifuta sehemu hiyo. Kadi yetu haina, ibaki hivyo. Ukoo wako ubaki kwa watu wako, wanaokuuliza wakiwa na sababu ya kindugu.

Basi uende na kipi

Laini ya simu, benki, TIN ya mlipakodi, pasipoti, ajira ya serikali: NIDA, usipoteze nauli na barua peke yake, haitakubeba. Kumdhamini mtu polisi au mahakamani: vyote viwili, barua ya mtendaji na kitambulisho, na barua iwe ya karibuni, ya mwaka jana wanaitupa. Mirathi: ukoo kwanza, kaeni kikao mwandike muhtasari kabla hamjaenda kokote, na muhtasari usainiwe na wote waliokuwepo hata yule shangazi mnayemkwepa, maana ndo atakayeweka pingamizi. Kikoba, kile kikundi cha kuweka na kukopa, hakihitaji kadi wala barua, wanakuangalia mwenendo na nani kakuleta, na kwa uzoefu wangu wa kuwachapia madaftari hao wanajua kuchuja kuliko taasisi nyingi za mikopo. Kiwanja, jamani kiwanja: kopi ya NIDA ya muuzaji ni lazima lakini haikuambii kama kiwanja ni chake. Zunguka kwa majirani wa pande zote nne, uliza bila haraka, kaa na mzee mmoja kwenye baraza muda wa kutosha, atakuambia kama pana ugomvi wa ndugu. Hapo jirani ana thamani kuliko kanzidata yoyote. Kuoa na kuolewa mnajua wenyewe, wazee watatuma watu kuulizia na hawatoulizia NIDA.

Kama huna chochote kabisa anza chini: balozi, mwenyekiti, kisha cheti cha kuzaliwa, kisha NIDA. Ukiruka hatua utarudishwa nyuma na nauli umekula.

La mwisho ni la watu wangu wa mpakani, Wadigo hasa, maana wateja wa aina hii nawapata kila mara. Una shangazi Lungalunga kule Kenya, umezaliwa Horohoro upande wetu au kinyume chake, msiba ukitokea upande wa pili unavuka, na kila upande wanakuita mtoto wetu. Kiukoo uko sawa. Kiserikali shika hili: Kenya, Uganda na Rwanda walikubaliana tangu 2014 watu wao wavuke kwa vitambulisho vya taifa, Tanzania haikuingia kwenye mpango huo, kwa hiyo NIDA yako si hati ya kuvukia, chukua pasipoti au ile hati ya dharura ya kusafiria. Na usikubali kuchukua vitambulisho vya nchi mbili eti kwa sababu chifu wa kule naye anakutambua. Kenya tangu katiba ya 2010 uraia pacha wameruhusu, sisi kwa mtu mzima hapana. Alama za vidole ukishaziacha pande zote mbili hakuna barua ya mwenyekiti itakayozifuta, na siku ya kuomba pasipoti Uhamiaji ndo watakaokuuliza, si mimi wa kujaza fomu.